Nilichomwambia Askari Siku ya Diwali

Wiki iliyopita nilikwenda Darsait, hapa hapa Maskati, kuchukua abaya yangu kwa fundi, na kwa uzembe wangu sikuangalia ni siku gani. Nilipokata kona ya kushukia bondeni nikakuta magari yamebanana, hayaendi mbele wala nyuma, taa za rangi zimetundikwa kutoka baraza hii hadi ile, na wanawake waliovaa sari nyekundu wanavuka barabara na masinia ya vitamutamu bila haraka yoyote. Diwali. Binti wa mjomba wangu, ambaye nilimpakia garini ili tu asiseme simjali, akateremsha kioo, akatoa simu, akaanza kupiga picha.

“Ah, zamani yakhe,” akasema kwa sauti ya mtu anayeonja halwa. “Watu walikuwa wakipendana. Banyani, Mwarabu, Mswahili, sote sahani moja.”

Yeye kazaliwa Khuwair ya Kusini, kwenye nyumba yenye bustani. Darsait anaijua kwa kupita. Nilimwambia apandishe kioo, vumbi linaingia. Hakukuwa na vumbi. Nilikuwa nimeshikwa na hasira ya ghafla, ile ya kutaka kumshusha mtu njiani aende kwa miguu. Sikumwambia kitu. Basi njoo ukae wewe, nikwambie wewe.

Sahani moja! Mimi niliishi chini ya Banyani miaka sita, na katika miaka hiyo sahani iliyoshuka ngazi ile kuja kwetu niliiona mara moja tu, nayo ikavunjwa.

Jengo letu lilikuwa la ghorofa mbili, rangi ya biskuti iliyoloa chai. Nyuma yake mlima wa mawe matupu ulioturudishia joto la mchana mpaka baada ya isha. Chini kabisa palikuwa na gereji ya kunyoosha magari yaliyogongwa, na nyundo zao ndizo zilizotuamsha asubuhi, na tukizikosa siku ya Ijumaa tulihisi masikio yana ugonjwa. Sisi tulikaa ghorofa ya kwanza. Mbele, ukivuka barabara, ndiyo wadi. Kama hujawahi kuishi Maskati, wadi ni mto uliosahau kazi yake: mwaka mzima ni kokoto, paka na magurudumu mabovu, halafu mvua ikinyesha milimani siku moja, unageuka mto kweli, unabeba magari.

Baba alifanya kazi mbali akirudi Alkhamisi. Mama alikuwa nesi wa zamu. Aliyenilea ni bibi, mzaa baba. Alizaliwa Unguja na wazee waliotoka Oman, akaja huku mtu mzima na Kiarabu cha kusalia tu, kile cha dukani akajifunza baadaye kwa kugombana na wauza samaki wa Matrah. Nyumbani kwetu ilikuwa Kiswahili, mchuzi wa papa, mbuzi ya kukunia nazi katikati ya jiko, na miko isiyokwisha. Usipige mluzi ndani. Usifagie magharibi. Usimwamini mtu anayecheka kabla hujamaliza kusema.

Ghorofa ya juu ilikuwa tupu tulipohamia. Siku moja asubuhi tukasikia mizigo inapandishwa ngazini, na sauti ya mwanamke inawakemea wapagazi, Wapakistani wawili wasiojua hata neno moja la alichokuwa akisema:

“Taratibu weye! Kabati hilo, si jeneza la mamako!”

Bibi alikuwa anakuna nazi. Mkono ukasimama. Nilidhani amejikata. Alitega sikio mpaka ile sauti ikapita mlangoni kwetu na kupanda juu, kisha akasema polepole, “La haula. Kaja mpaka huku.”

Ndivyo nilivyojua kwamba mwanamke yule wa juu, Banyani wa Unguja aliyeletwa Maskati na mwanawe muuza vitambaa, alikuwa jirani ya bibi tangu utotoni, mlango kwa mlango, Mji Mkongwe, na kwamba bibi angependa zaidi kuhamiwa na jini.

Bibi alinipa sababu jioni ile ile. Alikunja mkono wa kanzu. Kovu nililijua, lilianzia kifundoni likapanda hadi juu ya kiwiko, ngozi imekunjamana na kung'aa, lakini siku zote aliniambia ni ajali ya jikoni. Kumbe si jikoni. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Siku ya Diwali alitoroka kwao akaenda kwa shoga yake Banyani, huyu huyu wa juu, kutazama vitaa vya udongo vilivyopangwa kizingitini. Alipoinama, mkono wa gauni ukashika moto.

“Akanitazama,” bibi alisema. “Akanitazama naungua, akaingia ndani, mlango ukafungwa. Nligonga kwa mkono huu huu unaowaka. Alonizima mpita njia, kwa gunia la karafuu.”

Mchumba aliyekuwa ameshatajwa akarudisha maneno. Bibi akaolewa, miaka baadaye, na mtu mzima mwenye meno matatu. Alinisimulia hayo kwa uchungu mkubwa, na mimi sikujua niseme nini, kwa sababu huyo mwenye meno matatu ndiye babu yangu.

Basi vita vikaanza, na usidhani natia chumvi kuviita vita. Yule wa juu alianika sari mbichi kwenye kamba iliyokuwa juu ya kamba yetu, na maji yenye rangi yakadondokea shuka nyeupe za mama. Bibi akazijua siku za mfungo za Kibanyani kuliko hata mwana wa yule wa juu, na kila siku takatifu, wakati watu wa juu hawagusi hata kitunguu, yeye alikaanga papa mkavu na kufungua madirisha yote. Harufu ile, unaijua. Hata paka wa wadi waliona haya. Yule wa juu akajibu kwa ubani wa vijiti, pakiti nzima, akauchomeka kwenye chungu cha maua nje ya mlango wetu. Diwali yao ya kwanza alishusha sahani ya ladu, vile vitamu vyao vya mviringo, akaiacha kizingitini. Sijui alikuwa na nia njema au alikuwa anachokoza. Bibi aliitazama kama mtu anayetazama nge, akaisukuma kwa mguu, ikabingirika ngazi mbili ikapasuka. Na ile michoro ya unga wa rangi ambayo Mabanyani huipamba milangoni, bibi aliipitia kwa ufagio mbichi, akidai anasafisha ngazi ya watu wote.

Na maneno! Walitukanana kutoka roshani moja hadi nyingine, huyu kachungulia chini, huyu kainua uso, na mafundi wa gereji wakaacha nyundo ili wasikilize lugha wasiyoijua.

“Weye Mmanga,” wa juu alisema, kwa jina ambalo watu wa Unguja waliwaitia Waarabu waliokuja kutoka huku, “mlikuja Unguja na shuka moja, mkarudi Maskati na shuka ile ile!”

“Na weye umerudi na nini? Hata mji wa kurudi huna. Kwenu Unguja wamekutema, Bara Hindi hawakujui, umekuja kunidondoshea maji mie!”

Nilikuwa nasikia mpaka nywele zinanisimama, na sitasema uongo, nilikuwa namchukia yule mwanamke kwa hesabu yangu mwenyewe. Shuleni wasichana waliniita Zinjibariya, mtu wa Zanzibar. Nikisema Kiarabu waliniiga, nikitaka kutamka *qaf*, ile herufi ya kooni, waligeuza uso wasicheke mbele ya mwalimu. Nilitaka kuwa Mwarabu kamili, kama wao, mwenye bibi anayetoka Nizwa au Sur. Halafu narudi nyumbani, nakutana naye ngazini na sari yake ya pamba na miwani yake iliyofungwa kwa uzi, ananiuliza nimesoma nini leo, najibu, ananicheka.

“Hicho Kiswahili au matapishi? Mtoto wa Unguja gani asojua kusema? Mwambie bibi yako akufundishe, au naye keshasahau?”

Banyani ananisahihisha Kiswahili. Huku wananicheka kwa Kiarabu, huku nachekwa kwa Kiswahili, sikuwa na pa kuweka ulimi.

Nilikuwa na miaka kumi na moja mvua ilipokuja. Ilinyesha siku mbili, wadi ikashuka kwa kishindo, ikachukua gari moja la gereji, ikapita. Lakini safari hii maji hayakuisha yote. Chini ya daraja, na mbele yake hapo mkabala na sisi, lilibaki bwawa refu, la kahawia, linalotembea pole. Ikawa Diwali inaangukia wiki hiyo. Mabanyani, na Wahindi wa kila namna waliokaa vile vyumba vya Darsait, wakaambizana kwamba mwaka huu kuna mto, watu wateremke na taa zao ukingoni, kama kwao.

Siku moja kabla, yule wa juu alinikuta ngazini. Akanipa ladu iliyofungwa kwenye karatasi. Nikaichukua, nilikuwa mtoto, na ladu ni ladu.

“Kesho teremka wadini uone taa,” akaniambia. “Umwombe ruhusa bibi yako. Lakini hatokupa. Bibi yako anaogopa taa.”

Aliyasema hayo akitabasamu. Leo najua alikuwa ananitumia mimi kama kijiti cha kuchokolea nyuki. Siku ile nilijua pia, ila sikujali.

Nikaenda kumwomba bibi. Hakuuliza nimesikia wapi. Alisema, “Ukikanyaga huko nakukata mguu,” akaendelea kukunja nguo. Na mimi, ambaye mpaka dakika ile sikuwa na hamu kubwa ya taa za mtu, nikaona lazima niende.

Kesho yake bibi alipofunga sala ya magharibi, nilishika ndara mkononi, nikashuka ngazi peku.

Nataka kuwa mkweli kwako: palikuwa pazuri. Siwezi kukataa hilo hata nikitaka. Mlima umekuwa mweusi, mbingu bado ina wekundu kidogo, na ukingo wote wa wadi, kuanzia darajani, umepangwa vitaa vidogo vya udongo, kila kimoja na utambi wake ndani ya samli. Wanawake walikuwa wakiinama kuweka vingine juu ya majani na kuvisukuma majini, vikaenda kwa kuyumba, vingine vikazimika, vingine vikakwama kwenye gurudumu la gari lile la gereji, lililonasa hapo kwenye tope. Harufu ya samli inayoungua, tope, jasmini za vichwani. Watoto wa Kihindi walishika vijiti vinavyometameta na kuchora duara hewani. Juu barabarani alisimama askari kijana, Mwarabu, akiongoza magari.

Yule wa juu alikaa juu ya jiwe karibu na maji, na mwanawe kasimama nyuma yake. Aliponiona akafurahi vibaya.

“Karibu! Umeruhusiwa?”

“Nimetoroka,” nikasema.

“Vizuri. Na yeye alitoroka vile vile.”

Nilikuwa sijamaliza hata kuielewa hiyo kauli nilipoona watu wanapisha njia. Bibi alikuwa anateremka ukingoni, na kanga yake ya kusalia bado kichwani, anakanyaga kokoto kwa vishindo, na mkono wa kovu ameufumbata kifuani. Alipita katikati ya zile taa bila kuzitazama. Alinikamata sikio, lakini macho hayakuwa kwangu.

“Hukutosheka na mie?” akamwambia yule mwenziwe. “Sasa unataka na huyu aungue umfungie mlango?”

Yule wa juu alisimama. “Miaka hamsini unanitapikia mlango huo huo! Alofunga mama'angu. Mie nlikuwa na miaka kumi!”

“Na mkono wa kufungulia hukuwa nao?”

“Nlikuwa nao! Nlipiga kelele, akanichapa, akanifungia chumbani. Nlisikia ukigonga. Hunambii kitu nisichokijua. Nlisikia mpaka uliponyamaza!”

“Uongo.”

“Haya, uongo.”

Hapo palikuwa na nafasi, hata mtoto angeiona. Kama bibi angekaa chini juu ya jiwe lile sijui dunia ingekuwaje. Lakini bibi hakuwa mtu wa kukaa chini. Alikuwa amebeba mlango ule miaka hamsini na hakujua aweke nini mahali pake. Akainua sauti, wadi nzima ikageuka.

“Nyumba nzima mmejaza miungu ya udongo, nami naungua kizingitini, na hata mmoja hakunitemea mate nizimike! Miungu gani hiyo?”

“Na Mungu wako weye alikuwa wapi siku hiyo?” yule wa juu akarudisha papo hapo, machozi yakimtoka. “Hakuwa Unguja? Alikuwa safarini?”

Watu mia walikuwa wamesimama pale, na hakuna hata mmoja aliyeelewa. Waliona vikongwe wawili wanapigiana kelele kwa lugha ya mbali. Mwanawe hakujua Kiswahili. Alikulia Bara Hindi. Alikuwa anamvuta mamake mkono na kusema maneno ya kwao. Aliyeelewa nilikuwa mimi peke yangu.

Askari akateremka. Alikuwa na sura kama kaka wa msichana yeyote wa shuleni kwetu, kofia imekaa vizuri, Kiarabu chake safi. Akamwamkia bibi kwa heshima, akaniinamia mimi.

“Binti, hawa wanasemaje?”

Ningeweza kumwambia ni ugomvi wa majirani. Ningeweza kusema sijui. Lakini alikuwa ameniuliza mimi, kwa Kiarabu, kama mtoto wa nchi anayejua mambo. Sikio lilikuwa linaniwaka, na niliogopa kwamba akijua alichosema bibi atamchukua bibi. Nilijua, kama kila mtoto alivyojua, kwamba dini haichezewi. Nikanyoosha kidole.

“Huyu Mhindi ameitukana dini yetu,” nikasema. “Amesema Mungu wetu alikuwa wapi. Amesema alikuwa safarini.”

Na *qaf* zangu zote, siku hiyo, zilitoka sawasawa.

Unaona? Neno lile alilisema kweli. Nilichofanya ni kuacha lililotangulia, basi.

Uso wa askari ukabadilika. Akamgeukia yule wa juu na kumtaka kitambulisho cha ukaazi. Mwanawe akaelewa neno hilo moja, akaja mbele, mikono imeunganishwa kifuani, akisema kwa Kiarabu cha dukani, “Mzee, huyu mzee, kichwa hakiko sawa, samahani bwana.” Alikuwa na rangi ya majivu. Alijua alichokuwa akikiona: kazi, nyumba, kafili aliyemdhamini, vyote vinaning'inia kwenye ulimi wa mtoto wa chini. Na yule wa juu, aliyekuwa na jibu kwa kila kitu, akakaa tena juu ya jiwe akaanza kutafuta kitambulisho ndani ya sari yake.

Bibi aliachia sikio langu.

“Mwanangu,” akamwambia askari, kwa Kiarabu chake cha soko la samaki, “mtoto huyu kakupa nusu. Mimi ndiye niliyeanza. Nimeitukana miungu yao, nimewatukana sana, naye akanijibu. Mwenye kujibu hana kosa. Kama kuna wa kuchukuliwa, nichukue mimi, lakini nitakaa mbele. Nyuma natapika.”

Askari akavua kofia, akaivaa tena. Nadhani hakuna aliyewahi kumfundisha la kufanya hapo. Akamwita “ya walida”, ewe mama, akamwomba ateremshe sauti, mbele za watu si vizuri. Akatutazama mmoja mmoja, mimi akanitazama mwisho, na sikupenda alivyonitazama.

“Kila mtu arudi nyumbani kwake,” akasema.

“Kasema nini mtoto?” yule wa juu akauliza kwa Kiswahili, bado ameshika kitambulisho.

Nilitegemea bibi atanificha. Bibi akamwambia, neno kwa neno. Kisha akaniambia mimi, si kwa ukali, na ingekuwa kheri angenipiga: “Ugomvi wangu na huyu ni wangu. Nani kakwambia uutie sokoni?”

Kila mtu arudi kwake, na kwetu sote kulikuwa jengo moja. Tukapanda ukingo pamoja, tukavuka barabara pamoja, tukapanda ngazi zile zile, wanne, mwanawe mbele, vikongwe wamepishana ngazi mbili, mimi nyuma na ndara zangu. Mlangoni petu bibi alisimama kama aliyetaka kusema kitu. Yule wa juu akapita.

Asubuhi bibi akaniamuru nipande nikaombe radhi. Niligonga. Nikasikia bangili nyuma ya mlango.

“Nani?”

“Mie. Wa chini. Nimekuja kukutaka radhi.”

Halafu akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kama uzi, “Nenda zako. Hapa hatusemi Kiswahili.”

Nami nikamchukia zaidi, nikwambie kweli, kwa sababu ni rahisi kumchukia uliyemkosea. Nilidhani baada ya siku tatu vita vitarudi. Havikurudi. Kamba ya sari ikahamishwa upande wa mlimani. Siku yao ya mfungo iliyofuata bibi alipika dengu, madirisha yamefungwa. Na walipokutana ngazini yule wa juu alisema “Sabah el kheir” kwa Kiarabu kibovu, na bibi akajibu “Sabah el nur”, wakapishana. Adabu tupu. Walikuwa wamejua sasa kwamba neno lao linaweza kuokotwa na mtu wa tatu likawaua, basi wakayameza yote. Mara nyingine bibi alisimama roshani asubuhi, uso juu, mdomo wazi kidogo, kisha akaingia ndani. Alianza kusahau maneno. Siku moja aliniuliza kile kidude cha kukorogea uji kinaitwaje. Alikuwa amekishika.

Miaka miwili baadaye mkataba wa mwanawe ukaisha. Wakauza kabati na wakafunga virago. Yule wa juu alipita mlangoni petu na bibi alikuwa nje akimwagilia mrehani. “Ma'a salama,” akasema. “Fi amani llah,” bibi akasema. Nilisubiri. Teksi ikaondoka. Juu wakahamia watu wapole kutoka mji gani sijui, wakituletea tabasamu kila siku, na bibi akamwambia baba amechoka na ngazi, apelekwe Khuwair kwa mwanawe mkubwa, kaka yake baba.

Kwa hiyo binti wa mjomba akinitajia sahani moja, nashikwa na hasira. Wanautia sukari wakati wetu mpaka hauna ladha. Watu wale hawakupendana. Walijuana, mpaka kwenye kidonda, na walikuwa na lugha ya kuambiana. Wanangu mimi wanakijua Kiswahili cha kusalimia na cha kusifu chakula. Hakuna hata mmoja anayeweza kumtukana mtu kwa Kiswahili akapumua sawasawa akimaliza. Roshani zile sasa zimezibwa kwa vioo na viyoyozi. Waliojua kusemezana vile katika Darsait walikuwa wawili, na mimi ndiye niliyewanyamazisha. Siku ile garini ningeyasema hayo, lakini magari yalikuwa yameanza kutembea.

Mwaka wake wa mwisho, kule Khuwair, nilikwenda kumtazama bibi siku ya Ijumaa. Tulikaa sakafuni tukichagua mchele. Alikuwa mdogo, amekauka, akisikia anachotaka tu. Bila kuinua macho akaniuliza, “Yule askari. Ungemwambia yote tangu mwanzo, angenifunga?”

Nilisema sijui. Pengine siku mbili.

“Bora angenifunga,” akasema. “Ningelala siku mbili, nikatoka, nikaenda kummalizia. Nlikuwa nna neno moja nimemwekea.”

“Neno gani, bibi?”

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitazama, akakitupa.

“Si lako,” akasema.